Mwalimu Evaristo Muyinda na Shule ya Ngoma

(Hotuba kwa walimu na watu wa parokia, Matiri)



Katika siku hizi za jubilei mmekwisha kusikia maneno mengi mazuri juu ya makanisa yaliyojengwa, na shule zilizofunguliwa, na watu waliotutangulia wakaifanya kazi hiyo kwa jasho lao. Sisi tumepewa kusema juu ya ngoma. Labda wako wanaofikiri ya kuwa jambo hili ni dogo, la kuwafurahisha watu jioni baada ya chakula. Sivyo. Nyumba iliyoanguka hujengwa tena, maana udongo wa matofali haukosekani, na mafundi wapo. Lakini namna ya kupiga ngoma ikizikwa pamoja na mzee wa mwisho aliyeijua, hakuna fundi awezaye kuijenga tena. Ngoma yenyewe yaweza kubaki imetundikwa ukutani, ngozi yake nzima na kamba zake zimekazwa. Lakini haitasema neno.

Tutalieleza jambo hili kwa habari za mwalimu mmoja wa ngoma na marimba katika nchi ya Buganda, jina lake Evaristo Muyinda. Mtatuuliza: Je, hakuna wapiga ngoma hapa Umatengo na kando ya Ziwa Nyasa, hata twende kutafuta mfano mbali kiasi hicho? Wapo, nasi tutawarudia kabla ya kumaliza. Lakini katika Buganda jambo hili limekwisha kuonekana lote, mwanzo wake na mwisho wake: jinsi ngoma zilivyotunzwa, jinsi zilivyovunjwa kwa siku moja, tena jinsi mwalimu alivyookoa sehemu kubwa kwa sababu alikuwa amekwisha kuwaketisha wanafunzi. Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

NGOMA ZA NYUMBA YA KABAKA

Mfalme wa Buganda huitwa Kabaka. Ua wake wa Mengo, katika mji wa Kampala, zamani ulikuwa kama shule kubwa ya muziki. Walikuwamo wapiga filimbi na wapiga zeze, wapiga kinubi na wapuliza baragumu, wapiga marimba, na wapiga ngoma za namna nyingi. Wengi wao walikuwa watu wa vijiji au koo fulani, nao walipewa ardhi ili wamtumikie mfalme kwa kazi hiyo. Baba alimfundisha mwanawe, na mjomba alimfundisha mpwa wake.

Ngoma za kuchezea watu ziko mpaka leo, nazo hupigwa kwa pamoja. Kubwa huitwa baakisimba, na sauti yake ni nene. Pamoja nayo iko mpuunyi, yenye kushika mwendo, na nankasa, iliyo ndogo, hupigwa kwa vijiti. Ya nne ni engalabi, ndefu kama gogo, yenye ngozi upande mmoja tu. Na zamani ngozi hiyo ilikuwa ya kenge. Kila moja ina maneno yake, wala haiingilii ya mwenziwe.

Lakini ilikuwako ngoma nyingine, ambayo haikuwa ya watu wote. Jina lake ni entenga. Hii si ngoma moja, bali ni ngoma 15 zilizopangwa pamoja. Kati ya hizo, 12 hutengenezwa kwa sauti zilizopimwa, kutoka ndogo yenye sauti nyembamba mpaka kubwa yenye sauti nzito, hata wimbo mzima waweza kuimbwa juu ya ngozi zake kama juu ya marimba. Wapigaji 4 hushika hizo 12, na wengine 2 hushika zile 3 zilizobaki, zilizo kubwa zaidi, za kuusindikiza wimbo. Basi jumla yao ni watu 6, wenye vijiti virefu vyembamba vilivyopindika kidogo. Muziki huu ulikuwa mali ya Kabaka peke yake. Haukupigwa sokoni, wala arusini, wala kwa chifu ye yote. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

WIMBO USIOPIGWA NA MTU

Nani kati yetu hajawaona akina mama wawili wakitwanga katika kinu kimoja? Mchi wa huyu ukipanda, mchi wa mwenziwe unashuka. Mtu aliye nyuma ya nyumba, asiyewaona, husikia kishindo kimoja cha haraka, akadhani ya kuwa yuko mwanamke mmoja mwenye nguvu za ajabu. Hivyo ndivyo ulivyo muziki wa Buganda, lakini kwa ufundi mwingi zaidi.

Tuyatazame marimba yaitwayo amadinda. Ni mbao 12 zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza huanza kupiga sehemu yake kwa mwendo ulio sawasawa, bila kukawia wala kuharakisha. Wa pili huketi upande wa pili, akamkabili, akaingiza mapigo yake katikati kabisa ya mapigo ya mwenziwe, kama mchi wa pili kinuni. Wa tatu ana mbao mbili tu, zile ndogo za mwisho. Kazi yake ni kusikiliza: kila mara wenziwe wakigusa mojawapo ya mbao mbili za chini kabisa, yeye huijibu juu, kwa sauti ile ile iliyo nyembamba.

Sasa jambo la ajabu hutokea. Mapigo ya wawili yakichanganyika, sikio la msikilizaji hukusanya sauti za chini mahali pamoja, na sauti za juu mahali pamoja, likasikia nyimbo mbili au tatu zikienda kwa wakati mmoja. Katika nyimbo hizo zisikiwazo, hakuna hata moja inayopigwa na mtu ye yote. Mkono wa wa kwanza hauupigi wimbo huo, wala mkono wa wa pili. Wimbo huzaliwa kati yao. Wakiachana, hauko.

Kutokana na hayo fahamuni neno kubwa. Mtu akisikiliza muziki huu nje ya ua, au katika sahani ya santuri, hata akisikiliza miaka kumi, hawezi kujua jinsi unavyopigwa. Akijaribu kuupiga kama anavyousikia, atashindwa, maana anachokisikia sicho kinachopigwa. Lazima aende akaketi mbele ya ajuaye, apewe sehemu moja, aishike mpaka haitetereki. Ndipo mwalimu huketi upande wa pili na kuingiza sehemu yake. Kijana mmoja wa Austria, Gerhard Kubik, ambaye baadaye alikuwa mtaalamu mashuhuri wa muziki wa Afrika, alifika Kampala mwaka 1959. Alijifunza haya kwa kuketi kama mwanafunzi mbele ya Muyinda, na maandiko yake yaliyofuata yaliwaeleza wasomi wa nchi nyingi jambo ambalo masikio yao peke yao yasingaliweza kuwaonyesha.

MWALIMU NJE YA UA

Evaristo Muyinda alikuwa mpigaji katika nyumba ya Kabaka Mutesa II. Angaliweza kuuweka ujuzi wake humo na kuona fahari, kama wengi walivyofanya. Lakini alitoka akafundisha.

Wakati huo alikuwako Kampala Dr Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin, aliyefika Uganda mwaka 1937. Kuanzia mwaka 1948 mpaka mwaka 1957 alikuwa mwangalizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda. Bwana huyu alizunguka nchi nzima na chombo cha kunasa sauti, akahifadhi nyimbo na milio ya vyombo zaidi ya elfu moja. Tena alikuwa na wazo jema: vyombo vya muziki visiwekwe tu katika kabati la kioo kama mifupa ya wanyama waliokufa, bali vipigwe mbele ya watu. Basi Muyinda alifanya kazi katika jumba hilo, akiwapigia wageni na watoto wa shule, na kuwafundisha waliotaka kujifunza. Aliunda pia kundi la wapigaji, akakusanya pamoja filimbi, zeze, kinubi, marimba na ngoma, vyombo ambavyo katika ua wa mfalme kila kimoja kilikuwa na watu wake na wakati wake. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, na kundi la ngoma la taifa liitwalo Heartbeat of Africa likaundwa miaka hiyo ya 1960, Muyinda alikuwa miongoni mwa viongozi wake.

Wako waliosema ya kuwa kufanya hivyo ni kuipunguzia ngoma heshima yake. Neno hilo lina uzito, wala hatulicheki. Kitu kitakatifu cha nyumba ya mfalme, je, kinafaa kuonyeshwa kwa kila mpita njia? Wimbo ukitolewa mahali pake haubaki vile vile. Na wapiga filimbi na wapiga kinubi waliozoea kukaa mbalimbali, wakikusanywa pamoja, muziki wao si ule wa zamani. Ni kweli. Muyinda alilipa bei hiyo. Lakini mambo yaliyofuata yalionyesha alichokinunua kwa bei hiyo.

MWAKA 1966

Tarehe 24 Mei 1966 askari wa serikali ya Uganda waliushambulia ua wa Kabaka. Mutesa II alikimbia, akafika Uingereza, akafa London mwaka 1969. Katika siku hiyo ya moto na risasi watu wengi walikufa, na ngoma na vyombo vingi viliharibiwa. Waliookoka kati ya wapigaji walitawanyika. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa kwa sheria. Ardhi ya watumishi wa mfalme, zamu zao, na baba aliyemfundisha mwanawe kwa kuwa kazi ilimngoja, vyote vilikatika.

Basi tazameni tofauti. Marimba ya amadinda, yaliyokuwa yamekwisha kufundishwa nje ya ua, hayakufa. Wanafunzi walikuwa na wanafunzi wao. Leo amadinda hupigwa katika shule na vyuo vya Uganda, tena hata katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Bali entenga, ambayo haikuwa na nyumba nyingine ila ya Kabaka, ilinyamaza. Mwaka 1993 ufalme wa Buganda ulirudishwa, na Kabaka Mutebi II akatawazwa. Katika mwaka huo huo Muyinda alifariki dunia. Ufalme waweza kurudishwa kwa sheria. Lakini wapigaji hawarudishwi kwa sheria. Wapigaji wa entenga wa zamani walikuwa wakifa mmoja mmoja, na mwishowe alibaki mzee mmoja tu aliyekuwa ameipiga katika ua wa Mutesa II.

Fikirini, ndugu. Muziki wa watu 6, na ajuaye ni mmoja. Wimbo uzaliwao kati ya mikono ya wengi, na mkono uliobaki ni mmoja.

Hapo ndipo alipotokea mwalimu mwingine, James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala. Yeye alikuwa amekwisha kufanya kazi kama hiyo katika nchi ya Busoga, juu ya baragumu za vibuyu ziitwazo bigwala. Kila baragumu hutoa sauti moja tu, hata lazima watu watano au zaidi wapulize kwa zamu ndipo wimbo utokee. Mwaka 2012 shirika la UNESCO liliandika bigwala katika orodha ya mambo ya asili yanayohitaji kuokolewa kwa haraka. Wazee mabingwa waliosalia walikuwa 4 tu. Nao walipotaka kuwafundisha vijana, walikuta ya kuwa hata vibuyu vyenyewe vimekuwa adimu, maana watu walikuwa wameacha kuvipanda. Basi kazi ya kufufua muziki ilianza kwa jembe: kutafuta mbegu, kupanda, na kungoja mavuno.

Kisha, katika miaka ya 2010, kazi ilifanywa pia kwa entenga. Ngoma zilitengenezwa, vijana wakaketi mbele ya mzee yule wa mwisho, naye akawafundisha mkono kwa mkono. Walimwahi. Lakini walimwahi kwa uzi mwembamba sana. Kama mzee yule angaliugua mapema, basi. Zingalibaki sauti zilizonaswa miaka ya 1950, nazo ni hazina. Lakini mmekwisha kufahamu ya kuwa sauti peke yake haimwonyeshi mtu mkono uendako.

NA SISI JE?

Sasa turudi nyumbani. Tusiseme ya kuwa sisi hatuna Kabaka, na kwa hiyo habari hizi hazituhusu.

Katika nchi yetu ya Tanzania watu wazima wote wamezisikia ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule mpigaji kipofu aliyeweza kuzipiga ngoma nyingi peke yake, kila moja na mlio wake. Milio yake ndiyo iliyotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania miaka mingi, tena mwaka 1970 alizipiga katika maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani. Masikio yetu yameshiba milio ile. Lakini tukiulizana, ni nani hapa aliyeketi mbele ya mwanafunzi wa Mzee Morris, tutajibu nini? Kusikia si kurithi. Mtazameni kinyume chake Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Alifundisha katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981, tena nyumbani aliwafundisha watoto na jamaa zake. Alipofariki tarehe 30 Desemba 2003, ilimba na zeze hazikunyamaza, maana jamaa hao waliendelea kuzipiga.

Nasi tuna mali yetu. Tuna lizombe, tuna mganda wa wanaume, na kioda ya akina mama. Mganda wenyewe una historia ya kutufundisha. Ngoma ya beni ilianza pwani, kule Lamu na Mombasa, ikasambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa vita ya mwaka 1914 hadi 1918, na vyeo vyake vya kiaskari. Kandokando ya Ziwa Nyasa watu waliipokea desturi hiyo wakaigeuza kuwa yao, na upande wa Malawi ndugu yake huitwa malipenga, ambapo vibuyu huvumishwa kwa utando wa buibui. Basi mganda haukushuka kutoka mbinguni wala haukuzaliwa nasi. Ulifundishwa, ukapangwa mistari, ukasahihishwa, mpaka ukawa wetu. Kilichopatikana kwa kufundishwa hakitadumu kwa njia nyingine.

Tena Wamatengo wanayo shule nyingine ya namna hiyo, nayo ni ngoro. Milima yetu ina miteremko mikali, lakini udongo haukuchukuliwa wote na mvua, kwa sababu ya mashimo yale. Hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana, kisha hufukiwa kwa udongo mpaka shamba lote linafanana na sega la nyuki. Ni nani aliyejifunza ngoro kwa kitabu? Kila mmoja amejifunza kwa kusimama shambani kando ya baba au mama, jembe mkononi. Ngoma ni hivyo hivyo.

Wengine husema: ngoma ilikatazwa na misheni, mbona leo mnaisifu katika kijitabu cha jubilei? Ni kweli ya kuwa katika misheni nyingi za Afrika Mashariki ngoma haikuruhusiwa kanisani, na michezo ya usiku ilitazamwa kwa shaka, kwa ajili ya ulevi na magomvi yaliyofuatana nayo. Lakini ulevi si wa ngozi na mti. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ya kuwa muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake, na wamisionari wafundishwe ili waweze kuukuza, si katika ibada tu, bali katika shule pia. Walimu, neno hilo la shule ni lenu. Na hapa Ruvuma hatukungoja kuambiwa: Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alikuwa amekwisha kutunga Misa Baba Yetu karibu na mwaka 1960, kwa sauti za kwetu, na katika mwaka ule ule 1963 alitoa kitabu kikubwa juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Basi anayeogopa ngoma na aogope pombe. Ngoma ailete mchana, shuleni, mbele ya wazee.

Wengine husema tena: siku hizi tuna kinanda cha umeme, nacho kina ngoma ndani yake, hubonyezwa tu. Hatukishutumu kinanda, kwaya zetu nyingi zimesaidiwa nacho. Lakini ngoma ile ya ndani ya kinanda haimngojei mwimbaji akipungukiwa na pumzi, haimtazami mchezaji, wala haimjibu mwenziwe. Tena mtoto anayebonyeza hajifunzi kushika sehemu yake wakati mwenziwe anapiga nyingine. Na hilo, ndugu, si somo la ngoma tu.

MASHAURI MATANO

Tusiishie katika kusifu. Yafaa tutoke hapa na kazi mikononi.

Kwanza, kila kigango kitafute wazee wake wapigaji, wake kwa waume, na kuandika ni nani ajuaye nini: ni ngoma gani, nyimbo zipi, na ni nani aliyemfundisha. Mtashangaa kuona jinsi orodha ilivyo fupi.

Pili, walimu watenge saa moja kila juma, na mzee aje shuleni. Asiitwe siku ya sherehe tu, apige, apewe soda, arudi nyumbani. Aitwe kama mwalimu aitwavyo, aketishwe kitini, na wanafunzi wake wawe wale wale kila juma. Wala asirudi mikono mitupu, maana mkono mtupu haulambwi. Mchango mdogo wa kila nyumba, debe la mahindi au kilo ya maharage wakati wa mavuno, watosha kumwonyesha mzee ya kuwa kazi yake ni kazi.

Tatu, kila sehemu ya ngoma ifundishwe kwa watoto wawili au watatu, wasichana kwa wavulana, si kwa mmoja aliye hodari tu. Hodari mmoja akienda Songea au Dar es Salaam kutafuta maisha, ngoma nzima imekwenda naye. Na mwalimu asiyejua kupiga asikae kando. Aanze na mchezo mwepesi. Agawe darasa mara mbili. Nusu wapige makofi kwa mwendo ulio sawa, nusu wapige katikati yao. Watacheka, watapotea, watarudi. Na siku watakapoweza, watasikia kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anayekipiga. Hapo somo limekwisha kuanza.

Nne, naseni sauti za wazee, maana simu zenu zaweza kufanya kazi ambayo Dr Wachsmann aliifanya kwa mzigo mzito. Lakini msinase wimbo mzima tu. Mwombeni kila mpigaji apige sehemu yake peke yake, polepole, na picha ya mikono yake ionekane. Kisha wapige wote pamoja. Andikeni jina, mahali na tarehe. Na baada ya kunasa msiseme: sasa tumeihifadhi. Iliyohifadhiwa ni ile iliyomo mikononi mwa mtoto.

Tano, kumbukeni vibuyu vya Busoga. Ngoma huchongwa kwa mti, na mti mnene haukui kwa mwaka mmoja. Tulizoea kuikuta miti mikubwa msituni. Leo safu za misitu zimerudi nyuma kwa ajili ya mashamba na kuni. Kila shule na ioteshe miti ya mizinga ya ngoma katika kiwanja chake, na fundi mchongaji aletwe pamoja na mpigaji, kwa kuwa naye ni mwalimu, na pengine ni adimu kuliko wote.

Ndugu wapenzi, Evaristo Muyinda hakuweza kuizuia vita wala kuulinda ua wa mfalme wake. Alichoweza ni kuketi na mtu asiyejua mpaka ajue, kisha na mwingine. Kazi hiyo yaweza kufanyika Matiri, na Litembo, na Lituhi, bila fedha nyingi na bila ruhusa ya mkubwa ye yote. Tunaloombwa ni kuwahi tu. Katika orodha ile mtakayoiandika ya wazee wapigaji, mtazameni aliye mkubwa kuliko wote kwa umri, na juma lijalo mmpelekee wanafunzi wawili.